Dahlia za Mama Neema

Wanangu, msichimbe bado. Najua majani ya miti yameanza kuanguka na mmeshatoa makoti kabatini, na kila anayenipigia simu wiki hii anauliza jambo lilelile: babu, tuchimbe? Subirini. Ngojeni ile asubuhi mtakayoamka mkute bustani imegeuka nyeusi na majani ya dahlia yamelala kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Hiyo ndiyo kazi ya jalidi, ile barafu nyembamba inayoshuka alfajiri. Ikishaua majani, uacheni mmea ardhini siku kadhaa zaidi. Kiazi kilichoko chini kikikosa majani ya kulisha, ndipo kinapokaza ngozi na kutayarisha macho ya mwaka ujao. Ukikichimba mapema kina ngozi laini kama ya mtoto mchanga, na hakifiki Krismasi.

Vijana wa kanisa wameniomba niandike habari za kazi yangu. Shule yangu iliishia darasa la saba kule Lushoto, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea. Nimelima bustani za watu katika mji huu na vitongoji vyake mpaka magoti yalipokataa. Nimelima nyua za Shaw, katikati ya mji, ambazo ni ndogo kuliko kitanda, ambako ukiinama kung'oa gugu unagonga kichwa kwenye ukuta wa jirani, na nimelima viwanja vikubwa vya Maryland ambako unaweza kushinda kutwa nzima usionane na mwenye nyumba. Kote huko, kazi iliyonifundisha zaidi ni hii ya kufunga bustani kabla ya baridi. Kupanda kila mtu anapenda. Kufunga hakuna anayekuja kukutazama.

Kwetu Lushoto dahlia ziko kando ya nyumba nyingi na sikuwahi kuona mtu akizichimba. Ardhi yetu ni ghala. Muhogo unakaa humo mpaka siku utakapouhitaji, magimbi vivyo hivyo, na ua linakauka, linalala kidogo, linarudi lenyewe. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza huku Marekani, bosi aliponiambia nitoe dahlia ardhini na mahali palepale nizike vitunguu vya tulipu, nilidhani anamtania mgeni. Hiki kitoke, kile kiingie, na vyote ni viazi vya maua? Aliyenielewesha ni mzee mmoja tuliyefanya naye kazi, Walter, Mmarekani mweusi kutoka kusini mwa Virginia, mtu mpole aliyevaa kofia moja majira yote. Alisema tulipu lazima ilale kwenye baridi, bila baridi haitoi ua. Dahlia, kana na gladiola ni maua ya nchi za joto. "Ni kama wewe," akaniambia. "Ukiachwa nje hapa Januari hutaamka."

Nikaelewa. Lakini nilielewa nusu. Nikachimba dahlia za bustani nzima, nikazisafisha, kisha nikazihifadhi kama mama yangu alivyohifadhi mbegu za mahindi: nikazijaza kwenye ndoo za plastiki, nikakaza vifuniko, nikaziba na gundi ya karatasi ili mdudu asipate pa kupita. Nilijisifu kwelikweli. Masika tulipofungua ilikuwa uji. Harufu ile ilimfanya Walter avue kofia, na sikuwahi kumwona akivua kofia. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka akafuta macho, kisha akanieleza taratibu kwamba mbegu ya mahindi imelala lakini hiki ni kitu hai, kinapumua, na mimi nilikuwa nimekiziba pua.

Basi fanyeni hivi. Kata mashina, acha urefu wa kiganja kimoja. Chimba mbali na shina, duara pana, kwa uma wa bustani na si kwa sepeto, maana sepeto hukata bila kukuambia. Inua polepole kutoka chini. Usivute shina hata kidogo. Udongo wetu hapa Woodbridge ni mwekundu, wa mfinyanzi, unashika viazi kama mtoto aliyeshika sketi ya mama yake, na kinachoua dahlia kwenye udongo huu si baridi peke yake, ni maji yanayotuama. Kung'uta, osha kidogo, geuza kichwa chini ili maji yaliyoingia kwenye shina yatoke. Weka mahali penye kivuli na hewa hadi ngozi ikauke. Kisha panga ndani ya maboksi ya karatasi ngumu, katikati jaza maranda makavu ya mbao, usifunike sana. Yakae mahali pa baridi pasipogandisha. Kila mwezi yapitie. Kilichooza kata, kilichosinyaa nyunyizia maji kwa vidole.

Na sikilizeni hili hasa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Jicho la dahlia haliko mwilini kama la kiazi mviringo. Liko shingoni, pale kiazi kinapoungana na shina la zamani. Kiazi kinene kizuri kilichokatika shingo hakitaota milele, hata ukikibembeleza. Ni chakula tu kisicho na mtoto. Lakini kipande cha shingo chenye jicho, hata kama kimebaki na nyama kidogo tu, kinaweza kuishi ukikiwahi.

Nilijifunza hilo kwa Walter, lakini niliamini siku ambayo sikuwa na kingine cha kuamini.

Mke wangu Tabitha, wengi wenu mlimwita Mama Neema, alikuwa mlezi wa wazee majumbani. Bustani yetu ya nyuma ilikuwa yake, mimi nilikuwa kibarua. Walter alitupa dahlia ya kwanza, ya zambarau iliyokolea kama zabibu, na kutoka hiyo na nyingine alizobadilishana na watu, Tabitha akapata safu nzima. Alikuwa na nyeupe, alikuwa na za waridi, na alikuwa na moja ya rangi ya chungwa ambayo hakuipenda. Alisema inapiga kelele. Kila vuli alisema mwaka huu hii tunaitupa, na kila vuli alishindwa kuitupa kwa sababu ilikuwa na afya kuliko zote.

Vuli ile ya mwisho alikuwa mgonjwa na alijua. Nilichimba mimi, yeye akakaa kwenye kiti kando ya mlango amejifunga blanketi, beseni la maji ya vuguvugu miguuni. Nilimwambia aache, nitaosha mwenyewe. Akasema wewe unaosha kama mtu anayekimbiza basi. Akaziosha moja moja. Ukweli ni kwamba aliziosha kupita kiasi. Dahlia haihitaji kung'aa. Zake ziling'aa kama bidhaa ya sokoni, ngozi safi ya kahawia, hazina hata chembe ya udongo. Tukazipanga kwenye maboksi, nikazishusha chumba cha chini. Hakuwahi kugusa kazi nyingine ya bustani baada ya hapo. Alifariki kabla ya sikukuu ya shukrani ya Novemba.

Mnajua misiba yetu ya huku. Akina mama wakishaingia jikoni, baba wa nyumba anakuwa mgeni kwake. Walikuja kutoka Adelphi kule Maryland na kutoka mitaa ya hapa, Wakenya na Watanzania, wa kanisani na wa msikitini, na yule dada Mkongo aliyekuwa akifanya kazi na Tabitha. Kila jioni nyumba ilijaa. Aliyesimamia jiko alikuwa Mama Wambui, muuguzi, Mkenya wa Nyeri, rafiki wa Tabitha tangu walipokuwa wakipanda basi moja kwenda kazini. Alikuwa akitoka zamu, anakuja na sare yake, anafunga leso juu yake, anapika. Sikuwa na nguvu ya kumshukuru. Nilikaa kwenye kiti, watu wakanishika mikono, nikaletewa sahani, nikala nilichopewa.

Siku iliyofuata mazishi nilishuka chini kutafuta viti vya kanisa tuvirudishe. Gunia la mchele lilikuwa limekwisha, vitunguu vimekwisha. Na maboksi ya dahlia yalikuwa yamepangwa vizuri, moja juu ya jingine, matupu. Maranda yamefagiliwa kona moja. Mtu mstaarabu alikuwa amefanya usafi.

Nilipanda ngazi. Mama Wambui alikuwa anasugua sufuria.

"Mama Wambui, yale maboksi ya chini."

"Za ngwaci? Tulizimaliza, Baba Neema. Jana watu walikuwa wengi mpaka chakula kikataka kuisha, nikakumbuka Tabitha alikuwa na viazi vitamu huko chini." Akaendelea kusugua. "Lakini hizo alinunua wapi? Zilikuwa zinapendeza kwa macho, kwa mdomo hakuna kitu. Nilizitia kwa nyama, zikabaki tu ngumu-ngumu."

Niliuliza maganda wametupa wapi. Akasema mifuko iko nje, gari la taka linapita leo.

Nilitoka. Gari lilikuwa linasikika mtaa wa pili. Nikaburuta mifuko kutoka ukingo wa barabara mpaka nyuma ya nyumba, nikaichana, nikapiga magoti kwenye nyasi. Binti yangu Neema alinifuata na viatu vya ndani, akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kama niko sawa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejiuliza ampigie nani simu. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba wamepika maua ya mama yake. Akanitazama. Kisha akapiga magoti upande wa pili wa mfuko, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze akaniuliza kwa Kiswahili.

"Tunatafuta nini, baba?"

"Shingo."

Kwa sababu wale akina mama walikuwa wapishi wazuri. Mpishi mzuri akishika kiazi kitamu hukata kile kichwa kigumu chenye nyuzi na kukitupa, na hapo ndipo macho yote yalipo. Mwili wa dahlia zetu uliliwa. Vichwa vilikuwa humo, katikati ya maganda ya vitunguu na mifupa ya kuku na mabaki ya ugali, vingine na nyama ya kidole kimoja, vingine karibu hakuna kitu, vyote vimelowa mafuta. Nikamwonyesha Neema jicho linafananaje: kichunusi kidogo, kama kipele kinachotaka kutoka. Alikuwa na macho mazuri kuliko yangu.

Mama Wambui akatoka na taulo mkononi.

"Baba Neema, umepoteza pete?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mke wangu alikuwa amezikwa jana, na huyu mama hakuwa amelala vizuri wiki nzima kwa ajili yetu. Lakini sijui kusema uongo, huwa unaonekana usoni kwangu. Nikamwambia, "Hapana. Vile havikuwa viazi vya kula. Ni dahlia za Tabitha. Ndizo alizoosha mara ya mwisho."

Akasimama. Taulo ikaanguka na hakuiokota.

"Nimepika maua yake," akasema. "Nimekuja kwa nyumba yake nikapika maua yake nikapea watu."

"Hata mimi nilikula."

"Wewe ulikula?"

"Nilikula. Miaka yote hii nafanya kazi ya maua, umeniletea dahlia kwenye sahani na sikuijua."

Akanitazama aone kama namkejeli. Sikuwa namkejeli, ilikuwa kweli. Akauliza kwa sauti ndogo kama zilikuwa na sumu, muuguzi akafufuka ndani yake ghafla, akihesabu kichwani waliokula. Nikamwambia hazina sumu, ila kama alivyosema, hazina utamu. Neema akaanza kucheka huku analia, uso umepakwa mafuta ya kuku, na Mama Wambui akavua saa yake, akaitia mfukoni, akapiga magoti na sisi.

Gari la taka likapita. Halikukuta kitu kwetu.

Vichwa vile havikuweza kuhifadhiwa. Kiazi kizima kina chakula cha kulala miezi yote ya baridi, shingo tupu haina. Ingesinyaa ndani ya wiki moja. Ilibidi kuviamsha mara moja, wakati usio wake. Nikaviosha kwa maji na sabuni kidogo, nikakata sehemu zilizochanika kwa kisu safi, nikapaka unga wa salfa kwenye vidonda, nikaviacha vikauke siku mbili. Kisha kila kimoja kwenye chungu chake kidogo chenye udongo mkavu-mkavu, jicho likiwa juu. Hapa tena mtu hukosea: anaona mgonjwa, anamwagilia. Usimwagilie mpaka uone chipukizi. Kisichokuwa na mizizi hakinywi, kinaoza. Mama Wambui alichukua vyungu kadhaa kwake Adelphi, kwa sababu ghorofa yao inachemshwa kama tanuri na dirisha lake linatazama kusini. Vingine vilikaa chumba alichokulia Neema, chini ya taa.

Watu wengi walinipigia simu siku zile wakaniuliza naendeleaje, na sikujua la kuwaambia. Mama Wambui hakuuliza. Akitoka zamu asubuhi alinipigia na kusema neno moja, "Zimeamka?" Nami ilibidi niwe nimeinuka, nimekwenda kwenye dirisha, nimeangalia, ndipo nimjibu. Siwezi kusema nimeangalia kama sijaangalia. Kwa hiyo kila asubuhi niliinuka. Nilimjibu hapana, naye akanijibu zake pia hapana, akasema haya, akakata.

Nyingi zilioza. Nasema hivyo ili msije mkadhani kila kilichotolewa jalalani hufufuka. Chungu kimoja kimoja kilitoa ukungu, nikakitoa nje. Nyeupe au za waridi, sikujua ipi inakwenda. Niliyoiombea kuliko zote ni ile ya zambarau ya Walter, na kichwa nilichodhani ni chake kilioza mwezi wa Januari, nikakifukia nyuma ya nyumba bila kumwambia Neema mpaka jioni.

Asubuhi moja Mama Wambui alipiga simu na hakuuliza. Alisema tu, "Baba Neema, hii kitu ina masikio." Nikamwomba aieleze. Mawili, akasema, ya kijani, yamekunjana. Nikamwambia sasa mpe maji, kijiko kimoja. Akasema alishampa, kijiko cha dawa, amekipima.

Aliileta Woodbridge kulipoanza joto, chungu kimefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari, leso imezungushiwa. Hatukujua ni rangi gani. Majani ya dahlia hayasemi. Tulipanda, tukafunga kwenye kijiti, nikaikata ncha ili itoe matawi, na mwezi wa Agosti ikafungua ua la kwanza.

Ilikuwa ile ya chungwa.

Nilikata ua lile, nikaenda nalo makaburini, nikaliweka. Nikamwambia Tabitha anisamehe, ndiyo iliyobaki. Ukweli, kwenye ile nyasi ya kijani na mawe ya kijivu, ilikuwa inapiga kelele kweli.

Vuli iliyopita, baada ya jalidi, Mama Wambui alikuja na glavu zake mwenyewe. Alikataa nichimbe. Nilimwambia mbali zaidi na shina, mama, mbali, naye akasema yeye amechimba waru, viazi vya kwao, kule Nyeri kabla sijajua jembe. Akainua. Chini ya ule mmea mmoja, uliotoka kwenye kishingo kisichofika kidole, kulikuwa na tonge la viazi kama mikono miwili iliyoshikana. Nikamwonyesha mahali pa kupitisha kisu ili kila kipande kipate jicho lake. Hakuosha sana. Nilimwambia udongo kidogo ubaki, na yeye akasema hata yeye anaona ubaki.

Tukapanga boksi mbili. Nikachukua moja nishuke nayo chini, nikanyoosha mkono nichukue na ya pili. Akaishika.

"Hii inaenda Adelphi."

"Kule kwako kuna joto sana, hazitalala."

"Kuna stoo ya chini, nimeuliza, ni baridi." Hakuachia. "Baba Neema, wewe ni mzee. Siku yako ikifika watakuja hapa kupika, na mimi naweza kuwa kwa zamu. Nani atawaambia?"

Nikamwachia boksi.

"Na mkija kunipikia," nikamwambia, "pikeni wali."

"Wali na nyama," akasema, akaenda kufungua gari.